Kofia ya zirkonia imemeguka mwaka wa tatu: kosa ni la zirkonia?

SWALI: Daktari, nina miaka 61, naishi Usa River, Arusha. Gego langu la chini lilitibiwa mzizi, kisha nikavishwa kofia, wenyewe wanaita krauni, ya zirkonia, ile kauri nyeupe ngumu. Nikaambiwa hiyo haivunjiki. Mwaka wa tatu huu, nikila mahindi ya kuchoma, kipande cha pembeni kimemeguka. Aliyenitengenezea anasema tuweke nyingine kama ileile. Daktari mwingine anasema nihamie kauri nyingine, lithiamu disilikate. Ipi itadumu? Halafu kijana wangu ana miaka 24, meno yake ni ya kahawia kama sisi wengi tuliokulia huku Meru, anataka kubandikwa veniya za kauri, vile vibandiko vyembamba vya kufunika uso wa jino. Je, zitakaa?

JIBU: Shikamoo mama, na pole kwa usumbufu.

Kabla hujachagua upande kati ya madaktari wako wawili, mwombe mtu akumulikie kwa tochi ya simu pale palipomeguka, nawe uangalie kwenye kioo. Kama ndani ya pengo pana weupe mzito usiopenyeza mwanga, na hakuna sehemu ya jino iliyobaki wazi, zirkonia yako haijavunjika. Kilichobanduka ni ganda la poseleni lililopakwa juu yake. Ukiona unjano wa jino, au saruji, au ulimi ukihisi kofia inacheza, basi imepasuka hadi chini na habari ni nyingine. Usingoje maumivu yakuambie. Jino lililotibiwa mzizi halina tena neva, linaweza kuoza chini ya kofia usihisi lolote.

Kwa ulivyoeleza, mimi nadhani ni ganda. Kofia haijatoka, kilichoondoka ni cha pembeni, na bila shaka unaendelea kulia upande huo. Zirkonia ni nyeupe iliyokufa, haina uhai wa jino, kwa hiyo kwa miaka mingi mafundi wa maabara walikuwa wanachonga kiunzi chembamba cha zirkonia, kisha wanakijenga juu kwa poseleni ya unga iliyochanganywa na maji, tabaka kwa tabaka, na kuichoma kwenye tanuri. Kiunzi kikipimwa kwa kupindwa hadi kikatike hustahimili megapaskali (kipimo cha mkazo) 900 hadi 1,200. Poseleni ya juu hukatika kwenye 60 hadi 100 hivi. Aliyekuambia haivunjiki alikaribia ukweli kuhusu kiunzi, ila wewe hutafuni kwa kiunzi, unatafuna kwa ganda.

Ndiyo maana jibu la “tuweke kama ileile” halinitoshi mpaka aseme ileile ipi. Siku hizi zirkonia huchongwa kofia nzima kutoka kwenye bloku moja, bila ganda lolote, ikatiwa rangi na kung'arishwa. Kwa gego la nyuma asilolitazama mtu, hiyo ni kofia tofauti kabisa na uliyonayo, ingawa kwenye risiti zote mbili zitaandikwa zirkonia.

Ganda linameguka kwa nini? Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye tanuri. Zirkonia hupitisha joto taratibu sana. Fundi akitoa kofia kwenye tanuri kwa haraka kwa sababu foleni ni ndefu, poseleni ya nje hupoa na kuganda wakati ile iliyogusana na kiunzi bado ni laini. Ya ndani nayo inapokuja kupoa inataka kusinyaa, lakini nje kumeshafungwa. Mvutano huo unabaki humo ndani, kofia inaletwa kliniki ikiwa nzuri inayong'aa, na tayari inajivuta yenyewe kabla haijakutana na punje hata moja ya mahindi. Dawa yake ni kuacha tanuri lipoe polepole kwenye uchomaji wa mwisho. Sababu ya pili ni umbo la kiunzi. Zamani kiunzi kilikuwa kijifuniko chembamba chenye unene uleule kila mahali, na poseleni ikajazwa kufikia umbo la gego, hivyo pale penye vilima vya jino ikawa nene na haina cha kuiegemea. Leo fundi anayejua kazi hutengeneza kiunzi chenye umbo la gego dogo, ili poseleni juu yake iwe nyembamba na ilingane kote.

Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikuta kwamba zaidi ya kofia 9 kati ya 10 za kauri imara bado zilikuwa kinywani baada ya miaka 5, na kwamba zile za zirkonia yenye ganda zilikuwa na matatizo mengi zaidi ya kiufundi, hasa kumeguka poseleni na kung'oka. Kwa hiyo yaliyokupata ni ya kawaida, mama. Hukula vibaya.

Na mahindi yamesingiziwa. Chuma kikizidiwa hupinda kwanza, kauri haipindi. Nguvu yote inakusanyika kwenye ncha ya ufa ulioko tayari, hata ukiwa mdogo kuliko unavyoonekana kwa macho. Fundi wa vioo anaijua siri hii: hapigi kioo nyundo, anakwaruza mstari mmoja kwa almasi kisha anakibana kidogo, nacho kinafuata mkwaruzo. Mhandisi Mwingereza A. A. Griffith aliieleza kwa hesabu mwaka 1921 akifanya majaribio ya kioo, na hesabu yake ndiyo mpaka leo inayotuambia kwa nini kofia mbili za unga uleule, kutoka tanuri moja, moja inakaa miaka 20 na nyingine mitatu. Zimetofautiana nyufa.

Kinywani kuna jambo la ziada: mate. Maji yakiingia kwenye ncha ya ufa wa kauri yenye kioo ndani yake, hukata vile viungo vya silikoni na oksijeni vilivyonyooshwa na mkazo. Ufa unasogea kidogo sana kila unapotafuna, kwa nguvu ambayo kamwe isingevunja kofia mpya. Mchana kutwa, mwaka hadi mwaka. Mtu mzima akiuma kwa nguvu zake zote kwenye magego anaweza kuzidi niutoni 500, yaani kama uzito wa kilo 50, lakini wengi hawavunji kofia kwa kuuma hivyo. Wanaivunja kwa kutafuna ugali na mchicha mara nyingi sana juu ya ufa ulioachwa na mtu mwingine.

Nani aliuacha? Mara nyingi ni sisi madaktari. Kofia inapojaribiwa, unaambiwa uume karatasi ya rangi, tunatazama doa, tunakuta kofia iko juu kidogo. Daktari anachukua msumari wa almasi, kile kichwa cha mashine ya kuchongea, anagusa hapa na pale, unauma tena, mpaka unasema “sasa iko sawa.” Dakika mbili. Ukiikausha kofia hiyo na kuimulika kwa ubavu utaona mahali penye ukubwa wa punje ya mchele pasipong'aa, pana mikwaruzo ya kwenda upande mmoja. Pale ndipo jino la juu litakapogonga kila siku. Kama msumari ulikuwa wa chembe kubwa na maji hayakutiririka vizuri, joto nalo limeongeza nyufa chini ya mikwaruzo. Kazi ilipaswa kuendelea: almasi laini, kisha vichwa vya mpira vya kung'arishia vya daraja la kwanza, la pili na la tatu, mpaka mwanga urudi. Kazi hiyo inachosha, inakula muda ambao mgonjwa anayefuata anausubiri, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Mimi nikiulizwa nichague kati ya kauri ya bei kubwa isiyong'arishwa na ya bei ya kati iliyong'arishwa, nachukua ya pili bila kufikiri mara mbili. Hata jino la juu litashukuru, maana zirkonia yenye uso uliokwaruzika huila enameli, yaani tabaka gumu la nje, ya jino inalokutana nalo kama msasa, wakati iliyong'arishwa sawasawa haina madhara hayo.

Zirkonia ina kinga yake ya asili, na ndiyo iliyoipa sifa. Ufa ukianza kupita ndani yake, fuwele zilizo karibu hubadili mpangilio na kutanuka kwa takriban asilimia 4, zikaubana ufa usiendelee. Watafiti wa Australia walilieleza hilo mwaka 1975 na kuiita, kwa alama ya kuuliza, chuma cha kauri. Lakini angalia kinachouzwa leo. Ili zirkonia ipendeze na kupenyeza mwanga, viwanda viliongeza itria, oksidi inayochanganywa ndani yake: ile ya zamani ina kama asilimia 3, ile inayong'aa sana ina kama 5. Itria ikiongezeka, fuwele za kujikinga zinapungua, na uimara unashuka hadi karibu nusu. Kwa jino la mbele haina shida. Kwa gego la nyuma la mtu anayesaga meno usiku ningeikataa. Muulize daktari ni ipi kati ya hizo. Akiwa hajui, aipigie simu maabara mbele yako.

Na tanuri halina msamaha hata kwa kauri hii imara. Mwaka 2001 vichwa vya nyonga bandia vya zirkonia vilivyotengenezwa Ufaransa vilianza kupasuka ndani ya miili ya wagonjwa kwa wingi usio wa kawaida, vikarudishwa kutoka sokoni. Uchunguzi uliishia kwenye tanuri: kiwanda kilikuwa kimebadili aina ya tanuri la kuchomea, na sehemu ya vichwa vikatoka na muundo ambao maji ya mwilini yaliuchakaza mapema. Kwenye meno hatujaona balaa la namna hiyo, ila nikisikia maabara inajisifu kwamba inachoma zirkonia kwa kasi kuliko wenzake, huwa nauliza kama ndivyo mtengenezaji wa bloku alivyoagiza.

Sasa huyo daktari wa lithiamu disilikate. Hajakosea kuipenda. Ni kauri ya kioo iliyojaa fuwele zilizosukana, ina megapaskali 360 hadi 500 hivi, rangi yake ni nzuri hata bila ganda, na kubwa zaidi, inagandana na jino kwelikweli. Upande wake wa ndani hupakwa asidi ya hidrofloriki kwa sekunde 20, ikaacha vishimo vidogo, kisha silani, kimiminika cha kuunganisha, kisha saruji ya rezini, na kofia na jino vinakuwa kitu kimoja. Zirkonia haina kioo cha kuliwa na asidi hiyo. Ukiipaka ni kupoteza muda. Hupigwa kwa unga laini wa alumina kwa shinikizo dogo, kisha hupakwa kimiminika chenye fosfeti maalumu inayoshikana nayo. Mate yakiigusa baada ya kujaribiwa mdomoni, fosfeti ya mate inakalia nafasi hiyo hiyo, na gundi haishiki tena mpaka isafishwe upya. Kofia nyingi za zirkonia zinazong'oka zikiwa nzima, na mgonjwa akazileta zimefungwa kwenye karatasi, zimeponzwa na hatua hiyo.

Kinachonizuia kumuunga mkono kwa gego lako ni unene na kilichobaki chini. Nguvu inayohitajika kupasua kofia hufuata mraba wa unene wake. Kofia ya milimita 1.5 ikipunguzwa ikawa milimita 1, uwezo wake hauteremki kwa theluthi, unabaki chini ya nusu. Lithiamu disilikate kwenye gego inataka kama milimita 1.5 juu. Yapo mazingira inaposhushwa hadi milimita 1, lakini hayo ni ya jino lenye enameli nyingi ya kugandia. Gego la miaka 61, lililotibiwa mzizi na kuchongwa tayari kwa kofia ya kwanza, halina enameli ya kutosha, na mara nyingi halina nafasi, kwa sababu meno yameshaisha urefu. Zirkonia nzima isiyo na ganda, yenye itria ya asilimia 3, inastahimili milimita 1 na hata pungufu kidogo. Na wala usione haya kuuliza bei ya kofia ya dhahabu au ya madini mengine. Nyuma kule hakuna anayeiona, inataka jino lichongwe kidogo zaidi, na haijui kumeguka.

Ila hakuna kofia, hata ya dhahabu, inayodumu kuliko jino lililoibeba. Daktari akiitoa hiyo ya sasa, mwombe apime ukuta wa jino lenyewe uliobaki juu ya fizi. Inatakiwa milimita 1.5 hadi 2 kuzunguka pande zote, ili kofia ikumbatie jino na isikae juu ya mzibo peke yake. Ukuta ukipungua hapo, mzizi huja kupasuka wima na jino linang'olewa pamoja na kofia nzuri ya bei mbaya. Atazame pia mpaka wa kofia na fizi kwa kuoza. Aulize kama unasaga meno usingizini, au ajionee mwenyewe: meno yaliyosawazika juu, misuli ya taya inayochoka asubuhi, mashimo ya kabari kwenye shingo za meno. Kama unasaga, kinga ya plastiki ngumu ya kuvaa usiku itailinda kofia yako kuliko tofauti yoyote ya kauri tuliyoizungumzia.

Lakini huenda hata huhitaji kofia mpya. Kama ni ganda tu, kipande ni kidogo, na meno bado yanakutana vizuri, daktari anaweza kulainisha kingo na kuzing'arisha, au kuziba pengo kwa rezini. Si kazi ya milele, ila inaweza kukununulia miaka, na kila kofia inayotolewa huondoka na sehemu ya jino. Usikubali itolewe kwa sababu tu haipendezi mahali ambapo hakuna mtu anapaona.

Nyumbani mambo ni machache. Usitafune mifupa, barafu wala punje za bisi zisizopasuka, usifungue soda kwa meno, na usisugue kwa mkaa au majivu. Ukienda kusafishwa meno na kupakwa floraidi, sema una kofia ya kauri wapake ile isiyo na asidi; ile ya asidi huchubua uso wa poseleni na wa kauri za kioo.

Kuhusu kijana. Kwake kauri si tatizo, tatizo ni enameli. Maji ya sehemu nyingi za miteremko ya Meru yana floraidi kupita mara kadhaa kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na mtoto aliyeyanywa kabla ya kufika miaka 8 hivi, wakati meno ya mbele yanajijenga ndani ya taya, hutoka na madoa. Enameli ya namna hiyo ina tabaka la juu lililokomaa mno, linaloikataa asidi tunayopaka ili gundi ishike, na chini yake kuna enameli yenye vinyweleo. Daktari akiifuata ratiba ya jino la kawaida, veniya zinabanduka moja baada ya nyingine. Anatakiwa aparue kwanza ule uso wa juu kwa uangalifu, au aongeze muda wa asidi, kisha ahakikishe pamepatikana mwonekano wa chaki kote kabla ya kuweka gundi. Asichonge kupita enameli kwa tamaa ya kuficha kahawia. Veniya iliyogandishwa kwenye enameli nyingi hupita miaka 10 ikiwa nzima; iliyogandishwa kwenye dentini, tabaka lililo chini ya enameli, huachia mapema zaidi, na doa la kahawia nyingi hushawishi kuchonga hadi huko.

Ndiyo maana ningemwanzishia mbali na veniya. Kahawia ikiwa juujuu, kusugua uso wa enameli kwa dawa yenye asidi na chembe laini, kisha kuyafanya meupe kwa wiki chache, huondoa sehemu kubwa ya rangi bila kuchonga. Kinachobaki ndicho kinachotafutiwa veniya, na sasa zinaweza kuwa nyembamba, nusu milimita hivi, kwa kuwa hazina tena doa zito la kuficha. Ila baada ya kuyafanya meupe asubiri kama wiki mbili kabla ya kugandishwa chochote, maana oksijeni inayobaki kwenye enameli hudhoofisha gundi. Kliniki itakayomwahidi veniya kumi siku ileile ya kwanza aliyokalia kiti, aishukuru na aondoke.